Alizeti Mwitu ni Ipi? Somo la Kutofautisha Mimea na Majina Yake, Mfano wa Ndabibi

Ikisiri

Makala haya yanashughulikia tatizo la jina moja kubebeshwa mimea mingi. Jina lenyewe ni "alizeti mwitu", na mimea inayohusika ni ile ya kudumu yenye maua ya manjano, iotayo kando ya njia na katika malisho ya Ndabibi na maeneo jirani ya Bonde la Ufa. Kwanza tunaeleza chanzo cha utata. Pili tunachambua muundo wa jina hilo kisarufi na kimaana. Tatu tunatoa hatua za kutambua mimea yenyewe. Mwisho tunapendekeza namna ya kuiita ili mkulima asipotezwe na neno.

1.0 Utangulizi

Ndabibi ni eneo la wakulima na wafugaji lililo magharibi mwa Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Kaskazini yake umesimama mlima Eburru, na upande wa magharibi ardhi inapanda kuelekea ukingo wa Mau. Udongo wake umetokana na majivu ya volkano, na pale ambapo jembe halijafika bado vipo vichaka vya leleshwa. Mvua inaponyesha vizuri, kando za njia hugeuka manjano kwa maua ambayo wenyeji wengi huyaita kwa jina moja tu: alizeti mwitu.

Wakati wa likizo moja, mwandishi wa makala haya alimkuta nyanya yake amekaa penye kibaraza akiwa amekasirika. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amesikia redioni kwamba majani ya alizeti mwitu ni mbolea nzuri. Alichukua panga, akaenda malishoni, akakata maua ya manjano kwa siku tatu. Aliyabeba mgongoni, akayakatakata na kuyafukia katika vitalu vya sukumawiki na kabichi. Alingoja, akapalilia, akangoja tena. Vitalu vile havikuonyesha tofauti yoyote na vile ambavyo hakuvitia kitu.

"Mjukuu wangu," akasema, "wewe unayesomea Kiswahili huko chuoni, hebu niambie. Yule wa redio alisema alizeti mwitu ipi? Maana hapa kwetu zote ni mwitu."

Sikuwa na jibu. Swali lile ndilo lililozaa makala haya. Ni swali la botania kwa upande mmoja na la leksikografia kwa upande wa pili, na itadhihirika kwamba upande mmoja hauwezi kujibiwa bila mwingine.

2.0 Jina lenyewe: "alizeti" na "mwitu"

Tuanze na neno "alizeti". Waingereza na Wafaransa wameliita ua hili kwa kulihusisha na jua. Jina lake la kisayansi, Helianthus, alilolitumia Linnaeus mwaka 1753, nalo limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya jua na ua. Kiswahili kimefuata njia nyingine. Sehemu ya "zeti" inarejelea neno la Kiarabu "zayt", yaani mafuta. Mzungumzaji wa Kiswahili hakulitaja ua kwa sura yake. Alilitaja kwa faida yake. Kwa hiyo, anayesikia "alizeti" hutarajia mbegu za kukamua.

Neno "mwitu" nalo lina tabia ya kuvutia. Linapofuata nomino, huweza kubeba maana mbili tofauti. Maana ya kwanza ni kiumbe wa aina ileile ambaye hajafugwa. Mfano mzuri ni paka mwitu: paka wa nyumbani alitokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, na undugu wao ni wa karibu mno. Maana ya pili ni kiumbe mwingine kabisa anayefanana tu na yule tunayemjua. Mfano wake ni mbwa mwitu wa nyika zetu, ambaye kisayansi huitwa Lycaon pictus. Huyu si mbwa wa nyumbani aliyetorokea porini. Yumo katika jenasi yake ya pekee.

Sasa tujiulize: "alizeti mwitu" ni kama paka mwitu au ni kama mbwa mwitu? Jibu ni kwamba katika Afrika Mashariki jina hili ni la mkondo wa pili. Mimea tunayoiita hivyo si alizeti iliyokosa mkulima. Ni jamaa wa mbali, na baadhi yao ni wa mbali sana. Alizeti mwitu za mkondo wa kwanza, yaani zile za jenasi ya Helianthus yenyewe, asili yake ni Amerika ya Kaskazini.

3.0 Alizeti mwitu za kwao hasa

Ni vyema tuzitembelee kwa ufupi, kwa sababu zinatufundisha namna ya kutazama. Jenasi ya Helianthus ina spishi takribani 50, na nyingi kati ya hizo ni za kudumu, yaani huchipua tena kutoka kwenye mizizi mwaka baada ya mwaka. Alizeti ya shambani, Helianthus annuus, ni ya msimu mmoja. Huota, huzaa na kufa.

Spishi hizo za kudumu huwasumbua hata wataalamu. Karibu zote zina maua ya manjano, nyingi huzaliana zenyewe kwa zenyewe na kutoa machotara, na idadi ya kromosomu zake hutofautiana: zipo zenye 34, zenye 68 na zenye 102. Kwa hiyo, anayetazama ua peke yake hupotea. Mtaalamu huinama akatazama jani, shina na mzizi. Helianthus maximiliani ina majani membamba yaliyokunjika katikati mfano wa mfereji na kupinda kama mundu. Helianthus divaricatus ina majani yanayoelekeana wawili wawili, yasiyo na kikonyo. Helianthus mollis imefunikwa na malaika ya kijivu, na majani yake hulikumbatia shina. Helianthus salicifolius ina majani membamba mno yanayoning'inia. Helianthus tuberosus huweka viazi ardhini, na viazi hivyo huliwa.

Tunapata funzo gani? Tunajifunza kwamba rangi ya ua ni shahidi dhaifu. Funzo hili ndilo tunalolileta Ndabibi.

4.0 Mimea ya manjano ya Ndabibi na jirani zake

Kabla ya kuitaja mmoja mmoja, tueleze istilahi chache. Mimea hii yote ni ya jamii ya Asteraceae, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita jamii ya alizeti. Kile tunachokiita ua moja katika jamii hii kwa kweli ni mkusanyiko wa maua madogo mengi juu ya kitako kimoja. Hapa tutauita mkusanyiko huo "kichwa". Yale ya katikati yaliyosongamana tutayaita "vijiua vya kati", na yale ya ukingoni yenye ulimi mrefu tutayaita "vijiua vya pembeni". Ikumbukwe pia kwamba si kila mwanajamii ana kichwa cha manjano. Leleshwa, yaani Tarchonanthus camphoratus, ni wa jamii hiyohiyo, ingawa hakuna atakayeidhania kuwa alizeti.

4.1 Tithonia diversifolia

Huu ndio mmea ambao watafiti na maafisa wa kilimo humaanisha wanaposema alizeti mwitu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na uliletwa Afrika kama pambo na ua wa boma. Ni kichaka cha kudumu kinachoweza kupita kimo cha mtu. Majani yake hupishana kwenye shina, na mengi yamegawanyika kama vidole vitatu hadi vitano. Kichwa chake ni kikubwa na cha manjano, pembeni na katikati. Bua linalokibeba huvimba chini ya kichwa na ndani lina uwazi. Ukilibonyeza kwa vidole hubonyea kwa urahisi.

Jina "diversifolia" maana yake ni "mwenye majani ya namna mbalimbali", na ni onyo kwa mtambuzi: majani ya juu karibu na kichwa mara nyingi hayana vidole. Jina la jenasi limetokana na Tithonos, kijana wa hadithi za Kigiriki aliyependwa na mungu wa alfajiri, akaombewa uhai wa milele lakini akasahauliwa kuombewa ujana wa milele.

4.2 Tithonia rotundifolia

Huyu ni ndugu wa karibu wa yule wa kwanza, naye asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Tofauti mbili zatosha: vijiua vyake vya pembeni ni vya rangi ya machungwa inayoelekea wekundu, na mmea wenyewe ni wa msimu mmoja. Hupandwa bustanini, na mahali penye joto zaidi umetoroka na kuenea kando ya barabara.

4.3 Aspilia mossambicensis

Huu ni mwenyeji wa Afrika. Huota katika nyasi na vichaka, na ndio uliojaa malishoni alikokata nyanya. Ni wa kudumu, lakini ni mdogo kuliko tithonia, na vichwa vyake ni vidogo. Majani huelekeana wawili wawili, hayana vidole, na yana mishipa mitatu mikuu inayoanzia karibu na kitako cha jani. Yapapase: yanakwaruza kama msasa. Mmea huu una sifa yake. Mwaka 1983 watafiti Wrangham na Nishida walieleza kwamba sokwe wa Gombe na Mahale, nchini Tanzania, huyameza majani ya Aspilia mazima bila kuyatafuna, na tafiti za baadaye zilihusisha ukwaruzaji wa majani ya namna hiyo na kuondoa minyoo tumboni.

4.4 Guizotia scabra

Huu nao ni mwenyeji wa nyanda za juu, na wa kudumu. Majani yake pia huelekeana, lakini hayana kikonyo. Kitako cha jani hulikumbatia shina kwa pande zote mbili. Ni jamaa wa karibu wa Guizotia abyssinica, ambao Waethiopia huulima kwa ajili ya mafuta. Kwa hiyo, kama tungefuata maana ya "zeti", yaani mafuta, mmea huu ungekuwa na haki kubwa ya jina la alizeti kuliko tithonia.

4.5 Berkheya spekeana

Mtazamaji wa mbali huweza kuudhani kuwa alizeti ndogo ya nyikani. Akiukaribia na kuushika, mkono utamweleza: majani yake yana miiba.

5.0 Hatua za kutambua

Mwanafunzi mwenzangu, ukikutana na mmea wa manjano kando ya njia, usianze na ua. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza: tazama miiba. Kama kingo za majani zina miiba, huo ni Berkheya. Kama hazina, endelea.

Hatua ya pili: tazama majani ya katikati ya shina. Yanaelekeana au yanapishana? Ni muhimu kutazama katikati, kwa sababu majani ya chini kabisa ya alizeti ya shambani, na pengine ya tithonia, huweza kuelekeana, na mtu akapotoka mapema. Kama yanaelekeana, nenda hatua ya tatu. Kama yanapishana, nenda hatua ya nne.

Hatua ya tatu: tazama kitako cha jani. Kama kinalikumbatia shina, huo ni Guizotia. Kama hakilikumbatii, na jani lina mishipa mitatu mikuu na linakwaruza, huo ni Aspilia.

Hatua ya nne: tazama umbo la jani na bua la kichwa. Kama majani mengi yana vidole, bua limevimba na lina uwazi, na vijiua vyote ni vya manjano, huo ni Tithonia diversifolia. Kama bua limevimba lakini vijiua vya pembeni ni vya rangi ya machungwa, huo ni Tithonia rotundifolia. Kama jani ni pana lenye umbo la moyo bila vidole, shina kuu ni moja, na kichwa kizito kinainama kadiri kinavyokomaa, hiyo ni alizeti ya shambani iliyojiotea kwa mbegu zilizodondoka.

Hatua ya tano: rudi baada ya kiangazi. Mimea ya msimu itakuwa imekufa. Ya kudumu itachipua kutoka kwenye shina au mzizi uleule. Hatua hii inahitaji subira, lakini ndiyo inayothibitisha neno "kudumu".

6.0 Kwa nini tofauti hizi zina uzito

Huenda msomaji akauliza: kuna hasara gani mmea ukiitwa jina la mwenzake? Jibu limo katika vitalu vya nyanya.

Sifa ya tithonia kama mbolea haikutokana na uvumi. Ilipimwa magharibi mwa Kenya, na mapitio ya tafiti hizo yakachapishwa mwaka 2000. Yalionyesha kwamba majani mabichi ya tithonia, yakihesabiwa kwa uzito mkavu, yana wastani wa nitrojeni asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37 na potasiamu asilimia 4.1. Aidha, yanapofukiwa udongoni huoza upesi. Kwa hesabu hiyo, tani 5 za majani makavu katika hektari moja hupeleka udongoni takribani kilo 175 za nitrojeni, kilo 18.5 za fosforasi na kilo 205 za potasiamu.

Vipimo hivyo ni vya tithonia. Haviuhamii mmea mwingine kwa sababu tu umepewa jina lake. Nyanya alifuata ushauri kwa uaminifu. Alifanya kazi ya siku tatu, tena mgongoni. Ushauri ulikuwa sahihi na mikono yake ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kiungo kati ya viwili hivyo, yaani neno. Na tithonia yenyewe ilikuwa imesimama muda wote ule kwenye ua wa jirani, hatua mia mbili kutoka jikoni kwake.

Kuna upande wa pili wa hasara. Tithonia huhesabiwa miongoni mwa mimea vamizi katika sehemu nyingi za Afrika, kwa kuwa hutoa mbegu nyingi na huchipua upya ikikatwa. Anayeambiwa aeneze "alizeti mwitu" anapaswa kujua anaeneza nini. Kinyume chake, anayeambiwa aing'oe huweza kuwaangamiza Aspilia na Guizotia, ambao ni wenyeji wa nyika hizi.

7.0 Tuiiteje?

Lugha za jirani zimetangulia. Magharibi mwa Kenya, Waluo huiita tithonia "maua makech" na Waluhya "maua amalulu". Majina yote mawili yana maana ya maua machungu, na yote mawili yamelichukua neno la Kiswahili "maua". Hapa pana jambo la kutafakari. Wazungumzaji hao walikopa nomino kutoka kwetu, lakini sifa wakaichagua wenyewe, na sifa waliyoichagua inaeleza zaidi kuliko "mwitu". Uchungu ni tabia ya mmea huu hasa, ilhali umwitu ni tabia ya kila kisicholimwa. (Hata hivyo, msomaji asiufanye ulimi kuwa kipimo; mmea usioujua hauonjwi.)

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, jina "alizeti mwitu" libakizwe kwa spishi za porini za Helianthus, ambako "mwitu" lina maana ile ya paka mwitu. Pili, mmea wa mbolea uitwe "tithonia". Neno hili halisumbui matamshi: sauti "th" tunayo katika "thamani" na "methali", na irabu ya mwisho ipo tayari. Tatu, mimea ya kienyeji isubiri majina ya wenyeji. Kabla ya kuunda istilahi mpya, mwanafunzi aende kwa wafugaji na wazee akaulize, kwani anayechunga mifugo malishoni kila siku huenda alikwisha kuitofautisha Aspilia na Guizotia kabla yetu.

Kazi kama ya TUKI iliyotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 ilitupa msingi wa istilahi za darasani. Kilichobaki ni istilahi za kando ya njia, ambako mtaalamu na mkulima hukutana.

8.0 Hitimisho

Kabla ya likizo kwisha tulikwenda kwa jirani kuomba vipande vya shina la tithonia, kwa kuwa mmea huu huota vizuri kwa vipandikizi. Tulipiga hesabu kwanza. Tafiti zilizotajwa zinaonyesha kwamba ua wa tithonia hutoa takribani kilo 1 ya majani na vitawi laini, kwa uzito mkavu, kwa kila mita kwa mwaka. Ili kutimiza kiwango cha tani 5 kwa hektari katika sehemu ya nane ya ekari, zinahitajika takribani kilo 250, yaani ua wa mita 250. Ua wa nyanya haufiki urefu huo. Hivyo aliamua mbolea hiyo itosheleze vitalu vya mboga peke yake, uamuzi unaolingana na maoni ya watafiti kwamba kazi ya kukata na kubeba majani hulipa zaidi kwa mboga kuliko kwa mahindi. Tulikubaliana pia kwamba mashina yakatwe kabla ya mbegu kukomaa.

Alipokuwa akisimika kipandikizi cha mwisho, nyanya alilibonyeza bua, akageuza jani akahesabu vidole vyake, kisha akasema, "Sasa huyu namjua." Hilo ndilo lengo la istilahi yoyote: mtu ashike kitu na aseme anakijua.

Maswali ya marudio na mjadala

1. Toa mifano mingine mitano ya nomino zenye "mwitu" au "pori". Eleza kama kila moja ni ya mkondo wa paka mwitu au wa mbwa mwitu.
2. Kwa nini rangi ya ua ni kigezo dhaifu cha kutofautisha mimea ya jamii ya alizeti?
3. Kusanya majina ya mimea mitatu ya manjano katika lugha ya kwenu, kisha ueleze ni sifa gani ya mmea iliyozaa kila jina.
4. "Istilahi nzuri ni ile inayoeleweka hata na asiyesoma." Jadili kauli hii ukirejelea makala haya.